Dakika Nne na Sekunde Kumi na Mbili

Peng Chih-ning, binti ambaye nyumbani na chuoni walimwita Aning, hakujaliwa makalio ya kukaa. Mama yake ndiye aliyesema hivyo, wala hakuwa anatania. Mtoto akila anasimama mara tatu. Akitoka nyumbani anarudi kuangalia kama gesi imefungwa, na akishaangalia anarudi tena kuhakikisha kwamba ameangalia vizuri. Msimu wa kukausha persimoni, familia nzima ikishapanga matunda kwenye nyungo uani na kuingia ndani kunywa chai, yeye alibaki nje akipita mstari kwa mstari, akigeuza moja hapa, akisogeza jingine pale, mpaka baba yake amwite: "Aning, hayo matunda hayana miguu."

Kwao ni Hsinpu, ambako watu wanaishi kwa upepo. Upepo wa vuli usipokuja persimoni zinaoza, na ukija kila mtu anazungumza kwa kupaza sauti mpaka Desemba. Chuo kilikuwa Hsinchu, nusu saa kwa skuta, na upepo wa huko ni ule ule, unapokonya watu miavuli mikononi.

Mwaka wa tatu wanafunzi wa saketi hugawanywa watatu watatu, na kila kundi husanifu chipu yake. Haiishii karatasini. Ikifika Aprili michoro ya vyuo vingi hukusanywa, ikapangwa pamoja juu ya kisahani kimoja cha silikoni kama viraka vya shuka, na kiwanda kikaichapa. Baada ya miezi mitano kila kundi linaletewa chipu zake ndani ya kiboksi, zikiwa hai au zikiwa maiti. Mwalimu Ku, mama mfupi aliyefanya kazi viwandani miaka ishirini kabla ya kuja kufundisha, aliwaambia siku ya kwanza: "Programu ukiikosea unafuta. Chipu haina kifutio. Ukishakosea, umekosea."

Katika kundi la Aning aliyebuni mantiki ya chipu, yaani jinsi itakavyofanya kazi, alikuwa Lo Po-kai, kijana mwembamba wa Taichung mwenye miwani, akili kali na ulimi mkali zaidi. Tai Wen-hsi, mnene mpole kutoka Chiayi, alikuwa mchoraji. Yeye ndiye aliyeweka kila waya na kila transista mahali pake, kazi ya kutoboa macho, na aliifanya huku akitafuna kitu saa zote. Aning akapewa iliyobaki: ukaguzi. Hiyo ni kazi isiyogombewa. Msanifu hupongezwa, mchoraji husifiwa, mkaguzi hukumbukwa siku mambo yameharibika.

"Kazi imempata mwenyewe," Po-kai alisema. "Mtu haamini hata mlango alioufunga kwa mkono wake."

"Wewe funga vizuri, mimi nitaamini," Aning akamjibu.

Lakini wazo lenyewe la chipu lilikuwa la Aning. Bibi yake alikuwa haisikii dunia vizuri, na kifaa cha masikio alichonunuliwa kilikaa ndani ya kopo la mchele, kwa sababu akikivaa uani upepo ulimnguruma kichwani kama lori. Chipu yao ingeusikiliza upepo, iujifunze, kisha iuondoe, ibaki sauti ya mtu. Ilikuwa na ghala nne ndogo za kuwekea ilichojifunza. Aning alishinda uani kwao siku mbili na kinasa sauti, na upepo huo wa kwao ndio waliolisha kompyuta kila walipotaka kupima mchoro wao.

Siku ya kuwasilisha ilikuwa Ijumaa, na mwisho wa kupokea michoro ni saa kumi na moja jioni. Saa nane mchana Wen-hsi akagundua kwamba mchoro umezidi eneo walilopewa. Ulizidi kwa upana usiofikia unene wa unywele, lakini kuzidi ni kuzidi, ungerudishwa. Po-kai akavuta kiti, akaisogeza ghala ya nne, akazipitisha nyaya zake kwingine. Dakika ishirini tu, mchoro ukaenea.

"Nahitaji saa sita," Aning alisema. Ukaguzi kamili uliilisha chipu ya kwenye kompyuta dakika kumi za upepo, na kwa mashine za maabara ile kazi ilikuwa ya saa sita.

"Hatuna hata tatu."

"Najua kuhesabu."

"Basi fanya ule mfupi. Nimegusa nyaya mbili, Aning. Sijabomoa nyumba."

Ukaguzi mfupi ulikuwa wa dakika moja ya upepo. Ukapita. Aning akasimama, akakaa, akasimama tena, akaizunguka meza. Wen-hsi akamsogezea mfuko wa karanga. Ilipofika saa kumi na nusu palikuwa pamebaki fomu tu, na kwenye fomu palikuwa na mstari wa mkaguzi. Po-kai hakumwamuru. Alimtazama tu, na kuna kutazamwa kunakozidi kuamriwa. Aning akatia saini.

Jioni wakaenda kula karibu na hekalu la mungu wa mji, supu ya mipira ya nyama na tambi za mchele. Wen-hsi alimaliza bakuli tatu, na la tatu lilikuwa la Aning.

Jambo ulilolifanya shingo upande halikuachi. Aprili ikaisha, Mei ikaingia, wenzake wakaishika mitihani, naye kila akifungua daftari aliiona ghala ya nne. Mwisho wa Mei, Jumamosi asubuhi, akaenda maabara peke yake akaanzisha ukaguzi kamili. "Ni wa kunituliza roho tu," alijiambia. Akaenda kufua nguo, akarudi kutazama. Akaenda kununua mikate ya mvuke, akarudi. Mara ya tano aliporudi akaikuta kompyuta imesimama, na kwenye kioo kuna mstari mwekundu: dakika ya nne, sekunde ya kumi na mbili.

Alidhani kakosea yeye. Jumapili akaanza upya. Ikasimama pale pale.

Kwa siku nzima alifuatilia waya kwa waya, na alipoipata sababu ilikuwa rahisi kiasi cha kutia hasira. Po-kai alipozipitisha nyaya kwingine, njia ya kwenda ghala ya nne iliishia kwenye ghala ya tatu. Kwa dakika nne chipu ingejaza ghala tatu za kwanza kwa raha zake. Zamu ya ghala ya nne ikifika, ingemwaga upepo mpya juu ya upepo wa zamani, na kitakachotoka masikioni si sauti ya mtu wala si upepo, ni mkwaruzo kama wa bati linaloburutwa sakafuni. Ukaguzi wa dakika moja usingeweza kuliona hilo hata ungerudiwa mara mia. Na chipu yenyewe ilikuwa kiwandani. Hakuna simu ya kupiga kusema irudisheni.

Mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa Wen-hsi, mezani, mbele ya sahani ya wali na paja la kuku. Akaacha kutafuna. Aning alikuwa hajawahi kumwona akiacha.

"Po-kai anajua?"

"Bado."

"Usimwambie sasa hivi. Ametuandikisha mashindano ya vyuo jana tu, anatembea kama bwana harusi. Acha mitihani ipite kwanza."

"Nikikaa nalo nitapasuka."

"Pasuka polepole," Wen-hsi akasema, lakini na yeye chakula hakikumpita tena.

Siku kumi na moja Aning alikaa nalo. Alikula na Po-kai meza moja, akacheka vichekesho vyake, na kila alipocheka alijiona mwongo. Siku ya kumi na moja akapanda skuta akaenda kwao. Persimoni zilikuwa bado mbali, uani hakukuwa na kazi, akajitafutia: akafagia palipokwisha fagiliwa, akasugua nyungo zilizokuwa safi. Bibi yake alikuwa kibarazani akimenya machipukizi ya mianzi.

"Aning, kaa."

"Nimekaa, Bibi."

"Umekaa kama mtu anayengoja polisi. Una nini?"

Kifaa cha masikio kilikuwa kwenye kopo la mchele kama siku zote, na Aning akaona hiyo ni bahati. Atamwambia mtu asiyesikia, mzigo upungue, na siri ibaki siri. Akayamwaga yote, haraka haraka. "Nilitia saini mwenyewe, Bibi. Hakuna aliyenishika mkono. Na sasa imo ndani, haiwezi kutolewa, lazima tungoje mpaka Septemba itoke hivyo hivyo na kasoro yake."

Bibi akakishusha kisu. Katika yote hayo alikuwa amenasa matatu: imo ndani, haitoki, Septemba.

"Septemba," akasema. "Ya yule mnene au ya yule mwenye miwani?"

"Nini?"

"Mimba."

"Bibi, nasema chipu."

"Simjui huyo. Ni mtu wa wapi?"

Kwa jinsi Bibi alivyouliza kwa sauti, mama alitoka jikoni na upawa mkononi, baba akatoka bandani, na jirani akanyanyua kichwa juu ya ukuta. Ikambidi Aning asimame katikati ya ua na kutangaza kwamba hana mimba. Ana chipu mbovu, kosa ni lake na la mwenzake, na mwenzake hajui.

Baba yake akakuna kisogo. "Hajui? Na wewe umejua tangu lini?"

"Siku kumi na moja."

"Basi afadhali ingekuwa mimba," baba akasema. "Angalau mwenye mzigo wake angeambiwa mapema."

Jirani ndiye aliyeanza kucheka, kisha mama, na Aning mwenyewe akacheka machozi yakimlengalenga. Lakini neno la baba lilikuwa limemwingia. Hakungoja chakula cha mchana. Alipofika maabara Po-kai alikuwa pale pale kwenye kiti chake, na Aning akaufungua ule mstari mwekundu mbele yake bila utangulizi.

Po-kai aliusoma muda mrefu. Kisha akafungua mchoro, akafuata nyaya zake mbili kwa kidole juu ya kioo.

"Wewe ndiye mkaguzi," akasema hatimaye. "Jina lililo kwenye fomu ni lako."

"Ni langu. Na nyaya ni zako."

"Ulisema imepita."

"Nilisema ule mfupi umepita. Usinitie maneno mdomoni."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena. "Umelijua lini hili?"

Aning akamwambia. Akamwambia na kuhusu Wen-hsi, kwa sababu alikuwa amechoka kuficha. Hapo ndipo uso wa Po-kai ulipobadilika. Kosa la nyaya alikuwa amelichukua kama mwanamume, lakini hili lilimchoma.

"Siku kumi na moja mnakula na mimi," akasema, "huku mnanitazama kama mgonjwa asiyeambiwa ugonjwa wake."

Akachukua begi akaondoka. Wiki tatu hakuzungumza nao. Wakipishana kwenye ngazi aliitazama simu yake, hata ikiwa imezimwa.

Julai, joto likiwa kali, Wen-hsi akawakutanisha kwa hila. Kila mmoja alimwambia waende wawili tu kula barafu ya kukwangua. Walipokutana mlangoni Po-kai alitaka kugeuka, lakini Wen-hsi alikuwa amekwisha agiza mabakuli matatu, na yeye si mtu wa kuacha chakula kiyeyuke. Wakakaa.

"Nimefikiri," Po-kai akasema. "Onyesho la mashindano ni dakika tatu."

"Najua," Aning akasema.

"Chipu inakaa dakika nne."

"Hilo pia najua."

"Basi tatizo liko wapi?"

Aning akakoroga barafu yake. Kwa hesabu tatizo halikuwapo. Dakika tatu zingepita salama, majaji wangepiga makofi, na hakuna ambaye angeambiwa uongo. Hicho ndicho kilichomkosesha raha: uongo ambao hakuna aliyeusema.

"Mimi nimeichora ile chipu," Wen-hsi akasema akichokonoa maharage matamu chini ya barafu. "Mtu akiniuliza habari zake sitaki nianze kutokwa na jasho."

"Wewe unatokwa na jasho hata ukila barafu," Po-kai akamwambia, na kwa mara ya kwanza tangu Juni wakacheka wote watatu. Hawakukata shauri. Walilisogeza mbele tu.

Likizo ile Aning hakwenda kwao. Alikuwa na wazo kwamba ikiwa chipu haiwezi kuponywa, huenda ikasaidiwa. Akaandika programu ndogo ya kukaa nje ya chipu na kuiamuru, kila zikipita dakika nne, isahau yote na kuanza kujifunza upya. Ikisahau, upepo ungepenya kwa theluthi moja ya sekunde, kama mtu anayepepesa jicho. Programu ya kwanza ilichelewa. Ya pili iliwahi mno. Alikuwa akiandika amesimama, kompyuta juu ya kabati, kwa sababu akikaa mguu ulimtikisika mpaka meza ikalalamika. Mara moja moja Po-kai alipita, akasoma mistari begani kwake, akasema, "Hapo utakwama," na kwenda zake. Na kweli hapo ndipo alipokwama. Ya sita ikafanya kazi.

Chipu zilikuja wiki ya pili ya Septemba, ishirini, kila moja ndogo kuliko punje ya choroko, zimefungwa ndani ya vibweta vyeusi vyenye miguu ya chuma. Wen-hsi alikuwa amekwisha weka juu ya mashine ya kupimia pakiti ya kijani ya bisi tamu, kama ilivyo desturi ya mafundi wa huko, kwa sababu jina la bisi hizo maana yake ni "mtiifu" na huaminiwa kuitia mashine adabu. Aliitazama tarehe kwanza, maana pakiti iliyopitwa na muda ni balaa, na alikatazwa mara mbili asiile.

Po-kai akaweka ya kwanza. Akawasha. Kimya.

Akaweka ya pili. Kimya, na harufu hafifu ya kitu kilichoungua.

Miezi mitatu Aning alikuwa amejiandaa kwa dakika ya nne, wala hakuwahi kufikiria kwamba chipu inaweza isiifikie hata sekunde ya kwanza. Lipo jingine, akawaza. Lipo kosa jingine, na hilo sikuliona kabisa. Alianza kutembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi.

"Aning, simama," Wen-hsi akasema. Alikuwa ameinama juu ya kitako cha kuwekea chipu, pua karibu igusane nacho. "Kile kidoti cha pembeni, kinatakiwa kielekee wapi?"

Po-kai akatazama mchoro. Akatazama kitako. Masikio yakamwiva. "Nimeziweka kinyume."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Hakuna aliyemcheka. Walibakiwa na kumi na nane. Wen-hsi akaiweka ya tatu kwa vidole vyake vinene, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Aning akaachilia upepo wa uani kwao kwenye waya, na katikati ya upepo huo sauti ya mama yake iliyonaswa mwaka uliopita. Kwanza palikuwa na mngurumo mtupu. Kisha mngurumo ukapungua, ukapungua, na mama akasikika akisema waziwazi, kana kwamba yumo chumbani: "Leteni nyungo nyingine, hizi zimejaa."

Po-kai akaketi chini sakafuni. Wen-hsi akajifuta uso kwa mkono wa shati. Aning peke yake ndiye aliyekuwa akiitazama saa. Dakika ya pili. Ya tatu. Ya nne. Sekunde ya kumi, ya kumi na moja, na mama akageuka bati linaloburutwa.

Po-kai akamtazama kutoka sakafuni. "Kumi na mbili kamili," akasema taratibu. Halikuwa sifa hasa, lakini halikuwa mbali na sifa. Wakaiunganisha programu ya Aning, na chipu ikafanya kazi saa mbili mfululizo, ikipepesa jicho kila dakika nne, mpaka Mwalimu Ku alipokuja kufunga maabara.

Mashindano yalikuwa Tainan, Novemba. Asubuhi kwenye treni walipatana hivi: wasipoulizwa, hawasemi; wakiulizwa, wanasema. Aning alikubali kwa sababu treni ilikuwa inakwenda na hakuwa na pa kushukia. Po-kai ndiye aliyepanda jukwaani, amechomekea, amechana nywele, na alizungumza vizuri kama anavyozungumza siku zote. Dakika tatu zilipita bila mkwaruzo. Ukumbi ukapiga makofi.

Jaji mmoja, mama mwenye mvi zilizokatwa fupi, akavuta maikrofoni. "Kwa mfululizo, chipu hii imewahi kufanya kazi muda gani?"

"Saa mbili," Po-kai akasema.

Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli na haikuwa kweli. Jaji akaanza kuandika, na Aning, aliyekuwa mstari wa mbele kando ya Wen-hsi, akajikuta amesimama kabla hajajua atasema nini.

"Kwa msaada," akasema.

Jaji akanyanyua kichwa. "Samahani?"

"Ni saa mbili kwa msaada wa programu ya nje. Yenyewe inakaa dakika nne na sekunde kumi na mbili. Ina kosa la nyaya. Mimi ndiye mkaguzi, nilisaini bila kumaliza ukaguzi."

Po-kai alisimama jukwaani na maikrofoni mkononi, na Aning hakuthubutu kumtazama machoni. Kisha Po-kai akashuka ngazi mbili, akamnyooshea maikrofoni, na kusogea kando. Majaji wakauliza, Aning akajibu: kosa lilivyotokea, alivyolipata, kwa nini ukaguzi mfupi haukuliona, jinsi programu inavyoisahaulisha chipu. Kengele ya muda ililia, jaji mwenye mvi akaipuuza na kuuliza maswali mawili zaidi.

Hawakupata nafasi ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu.

Kurudi, Po-kai alikaa behewa jingine. Wen-hsi alifungua sanduku la chakula, akampa Aning yai lake, jambo ambalo kwake lilikuwa kubwa.

"Ungeniachia mimi niseme," akasema.

"Ungesema?"

Wen-hsi akafikiri vituo viwili vizima. "Sijui. Ndiyo maana nasema ungeniachia."

Novemba ikaisha kwa ukimya ule ule wa Juni. Aning alipungua mpaka mama yake akamletea chuoni mfuko wa persimoni zilizokauka na kumlazimisha ale mbele yake. Alijiuliza kila siku kama alifanya haki au alitafuta tu kutua mzigo wake juu ya mabega ya wengine. Majibu yalikuja mawili, na kila moja lilikuja na ushahidi.

Desemba Mwalimu Ku akawaita ofisini, wote watatu. Januari kulikuwa na kisahani kingine, na kundi moja lilikuwa limejitoa. Nafasi ilikuwa yao wakiitaka, kwa masharti mawili: Aning aandike kosa la kwanza lilivyotokea, bila kupamba, lisomwe na wanafunzi wa mwaka unaofuata; na fomu isainiwe na wote watatu.

"Nendeni mkazungumze," akasema. "Hapa ndani sitaki kusikia ugomvi, nina karatasi za kusahihisha."

Wakasimama kwenye korido, upepo ukipiga madirisha. Po-kai ndiye aliyeanza.

"Ukaguzi kamili ni saa sita, siyo?"

"Sita. Lakini nataka mara mbili."

"Kumi na mbili, basi."

"Na mabadiliko mwisho Jumatano. Baada ya hapo usiguse hata nukta."

"Hata nukta." Akaingiza mikono mifukoni. "Kule Tainan, nilijua utasimama."

"Sasa kwa nini ulisema saa mbili?"

"Nilijua utasimama," akarudia, na Aning mpaka leo hajajua kama ile ilikuwa radhi au lawama. Hakuuliza tena.

Walipunguza kipande kimoja cha mantiki ili ghala ya nne ienee bila kukunjwa. Wen-hsi alichora upya kwa siku tisa, akakonda kilo mbili na kuzirudisha wiki hiyo hiyo. Jumatano mchana Po-kai aliinua mikono juu ya kibodi mbele ya mashahidi, kama mtu anayejisalimisha. Ukaguzi ukapita mara mbili, na wa tatu ambao Aning aliufanya bila kuwaambia. Wakasaini.

Chipu zilikuja Juni, siku kumi baada ya mahafali. Wen-hsi alikuwa jeshini kwa utumishi wake, Po-kai alikuwa kwao Taichung akingoja kuanza shahada ya pili, na Aning alikuwa amepata kazi ya ukaguzi kwenye kampuni ndogo hapo Hsinchu, aanze Julai. Kwa hiyo maabara asubuhi ile walikuwa wawili, yeye na Mwalimu Ku. Aliangalia kidoti mara nne kabla ya kuwasha.

Mngurumo ukaja, ukapungua, sauti ya mama ikabaki. Dakika ya nne. Sekunde ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu. Ya ishirini. Mama akaendelea kuomba nyungo.

"Haya, kaa sasa," Mwalimu Ku akasema.

Aning akakaa. Haikufika dakika, akasimama. Mwalimu akatikisa kichwa, akarudi kwenye karatasi zake.

Saa sita mchana Wen-hsi akapiga simu kutoka kambini, nyuma yake wanaume wakiimba hesabu za mwendo. Alitaka kujua mambo mawili, kama inafanya kazi na kama bado kuna karanga kwenye droo yake. Saa nane ukaja ujumbe wa Po-kai, maneno mawili tu: "Dakika ngapi?"

Aning aliitazama saa ya mashine, akaona hakuna haja ya kuhesabu. Akaandika, "Bado inaenda," akautuma, kisha akarudi dirishani kusimama, masikio yake yakiwa bado kwa mama.